Miaka Yote Chini ya Kibao cha OFFICINA

Neema wa mapokezi aliniomba nusu ukurasa. "Mama Stoo, andika kifupi tu, tuweke kwenye grupu la kazi," aliniambia, na akanipangia hadi vichwa vya habari: nilianza lini, nilipanda vyeo gani, nawashauri nini wanaobaki. Nimekaa na hiyo nusu ukurasa wiki mbili hapa nyumbani Nkoaranga na imenishinda. Vyeo sina vya kusimulia, niliingia nikiwa mtunza stoo na nimetoka mtunza stoo. Ushauri nao mlikuwa mkipewa bure kila siku na mkinuna. Kwa hiyo nitaandika ninavyotaka mimi, na atakayeona ni ndefu arudi kwenye simu yake akaangalie picha.

Kinachonisumbua ni kile kibao. Wote mnakijua, kile cha mbao chenye herufi nyekundu, OFFICINA, kilichokuwa juu ya geti letu pale Kimandolu tangu kabla sijafika. Sasa kimeegemea ukuta wa jiko langu, kwa sababu nitakayoieleza, na tangu kifike hapa sina raha. Jirani ameniuliza kama nafungua ofisi. Mchungaji ameniuliza kama ni jina la mtu. Juzi amepita Mfaransa mmoja na begi mgongoni, kakiona kutoka njiani, kaja moja kwa moja hadi mlangoni kuniuliza kama nina dawa ya kuharisha. Miaka thelathini na minane nimelieleza neno hilo getini. Nimestaafu, na bado nalieleza.

Sitajifanya mjanja, siku ya kwanza na mimi nilikosea. Baba alisikia kwamba karakana ya misheni ya Wakatoliki inatafuta msichana anayejua kuandika kwa mpangilio. Sisi ni Walutheri, akasita siku mbili, halafu akasema kuandika hakuna dhehebu. Nilikuwa na cheti cha uhazili kibichi kabisa. Nikashuka mlima na kandambili, viatu vya kisigino nimevibeba kwenye mfuko ili visiharibiwe na tope, nikavivaa nilipofika barabarani. Nilikuwa nimevaa blauzi nyeupe. Nilipoona kibao nikajiambia, hawa Wazungu wamekosea herufi za ofisi, nikirudi kesho nitawaambia taratibu.

Aliyefungua geti alikuwa Bruda Tullio, mtawa wa Kiitaliano aliyeianzisha ile karakana. Alikuwa mfupi, ana nyusi kama brashi, na Kiswahili chake hakikujali ngeli wala nyakati.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Wewe nani?"

"Nimekuja kwa ajili ya kazi ya ofisi."

"Ofisi iko kule, kwa padri. Hapa hapana ofisi. Hapa officina." Akanyoosha mikono yote miwili mbele ya uso wangu, grisi hadi kwenye viwiko. "Kazi ya hii."

Akanipa ovaroli la bluu lililonifika chini ya nyayo. Ile blauzi haikuvaliwa tena, ilipofuliwa mara ya tatu bila kutakata niliikata vipande vya kufutia vioo.

Stoo niliyokabidhiwa ilikuwa na ukuta mmoja uliofunikwa ubao mzima, na juu ya ubao kila chombo kilikuwa na kulabu yake na kivuli chake kilichochorwa kwa rangi nyeusi. Ukiitoa spana namba kumi na nne, kivuli cha spana namba kumi na nne kinabaki kinakutazama. Kila fundi alikuwa na vibati vyake, vipande vidogo vya shaba vya mviringo vyenye tundu na namba iliyogongwa. Akitaka chombo anatundika kibati chake palepale chombo kilipotoka. Akirudisha chombo, anachukua kibati. Jioni naangalia ubao. Kama kuna kibati kinaning'inia, basi kuna chombo hakijarudi, na hakuna gari linalotoka getini hadi kipatikane. Ni hayo tu. Mtoto wa darasa la pili angeelewa. Nimewaona watu wenye shahada wakishindwa.

Msidhani Bruda alikuwa akiwafunga wengine kwa sheria hiyo na kujiachia mwenyewe. Jumamosi moja padri alikuwa anakwenda kufungisha ndoa Ngaramtoni, gari lake limetengenezwa, limeoshwa, yumo ndani na mavazi yake yamekunjwa kitini. Nikaangalia ubao. Kibati namba moja kilikuwa kinaning'inia mahali pa bisibisi ndogo, na namba moja alikuwa Bruda. Nikadhani kwa padri tutalegeza. Bruda alijikagua mifuko yote, akalala chini ya gari, akavua hata soksi, padri anapiga honi. "Tullio, ni bisibisi tu!" Bruda akamjibu: "Chuma haiko ubaoni, iko mahali. Niambie mahali, mimi nafungua geti." Ilipita karibu saa nzima ndipo akakumbuka kwamba asubuhi alikuwa akitengeneza kinanda cha kanisani. Akaenda kwa miguu, akarudi nayo, akaitundika, akachukua kibati, akafungua geti. Hakumwomba radhi mtu yeyote. Maharusi walisubiri, na padri alimnunia hadi Jumapili ya pili yake.

Sasa hilo neno. Arusha watu wa kila lugha wanapita, na wote walipita getini kwetu. Waitaliano hawakunisumbua, kwao officina ni mahali pa kutengenezea magari na vyuma mpaka leo. Hata dereva mmoja wa Msumbiji, anayezungumza Kireno, springi imemkatika, alisoma kibao akaingiza gari moja kwa moja bila kuuliza, maana kwao nako ni gereji. Waliotaka kuniua ni wengine. Masista wa Kihispania walikuja na bahasha zao wakitaka mhuri wa kibali cha kuishi nchini, wakakaa kwenye tairi la akiba wakisubiri bosi, kwa sababu kwao neno hilo ni ofisi, yenye meza na karani. Nikiwaambia hapa hakuna mhuri wanatabasamu na kuendelea kusubiri. Wafaransa nao walikuja wamejishika matumbo. Kwao ni chumba cha mfamasia, mahali dawa zinapochanganywa. Kuna mama mmoja wa Kifaransa alinifokea kwamba ninamficha daktari, na nyuma yangu kuna injini imefunguliwa nusu.

Nikachoka, nikamwambia Bruda akiondoe kile kibao au anieleze hayo maneno yamelogwa na nani. Bruda alikuwa amesoma Kilatini miaka kadhaa kabla hajagundua kwamba anapenda vyuma kuliko vitabu. Alichukua chaki akachuchumaa sakafuni. Kwa Warumi wa kale, alisema, fundi aliitwa opifex, yaani mfanya kazi, na mahali pa fundi pakaitwa opificina. Midomo ikawa mivivu, pakawa officina. Ilikuwa ni mahali pa mikono, basi, iwe ya mfua chuma, ya mfinyanzi au ya mchonga mawe. Warumi wakaondoka, kila mtu akabaki na neno lake na kulitumia alivyojua. Kwenye nyumba za watawa chumba cha kutwangia na kukaushia majani ya dawa nacho kiliitwa hivyohivyo, na Mfaransa akashika chumba hicho kimoja akasahau vingine. Mwitaliano na Mreno wakabaki na nyundo. Na Mhispania?

"Mhispania," Bruda akasema, "kwanza fundi iko ndani, inafanya kazi. Halafu inakuja mtu ya kuandika fundi imefanya nini. Halafu inakuja mtu mbili ya kuandika. Halafu fundi hapana nafasi, inakwenda nje." Akajifuta chaki kwenye suruali. Hayo ya mwisho ni maoni ya Bruda, mtu asiyaandike kwenye mtihani.

Nilimuuliza kama hii ofisi yetu ya Kiswahili ndiyo hiyohiyo. Akasema hapana, sisi tumeichukua kwa Mwingereza, naye aliipata kwenye neno jingine la ukoo uleule lililokuwa na maana ya wajibu wa mtu. Ni watoto wa shangazi na mjomba. Nilitaka kuwacheka hao Wazungu wanne wanaogombea urithi wa neno moja, lakini sisi wenyewe tusicheke sana. Warsha kwa asili ilikuwa karakana, mahali pa patasi na vumbi. Leo ukisikia mtu yuko kwenye warsha ujue yuko hotelini hapa mjini, kakaa kwenye kiti chenye kitambaa, ana chupa ya maji, kalamu mpya na beji shingoni. Hakuna hata msumari uliopigwa.

Bruda alizeeka, magoti yakakataa, akarudishwa kwao. Baada ya miaka michache tulisikia amefariki. Nililia stoo mchana kutwa na hakuna aliyethubutu kuja kuomba spana. Misheni nayo ilichoka kuendesha karakana, ikaiuzia kampuni ya watu wa magari ya watalii, na hapo ndipo wengi wenu mlipoingia.

Akaja meneja wetu, Bwana Godlisten. Si mtu mbaya, na hilo ndilo tatizo, mtu mbaya ningejua namna ya kumkasirikia. Anawahi kazini, anasalimia, anajua jina la kila mfagiaji. Lakini anapenda ofisi. Mwaka wa kwanza pale tulipokuwa tukioshea magari pakawa chumba cha wageni, pana kochi na maua ya plastiki. Mwaka wa pili nusu ya stoo yangu ikakatwa kwa kioo, ikawa chumba cha takwimu. Mafundi wakawa wanatengeneza magari mawili nje kwenye jua kwa sababu ndani hakuna nafasi. Nilikuwa nikipita pale nasikia maneno ya Bruda ya chaki, nikajua sasa na sisi tunahamia Uhispania.

Halafu kikaja kishikwambi. Kila chombo kikapewa namba kwenye mfumo, fundi anasaini kwa kidole anapochukua na anaporudisha. Vibati vikatakiwa kuwekwa kwenye kopo la biskuti.

"Mama Stoo, haya mambo ni ya zama za mkoloni," Bwana Godlisten akaniambia kwa upole. "Mfumo hausahau."

"Mfumo hauna macho," nikamwambia.

Tukapatana kwamba ubao na vibati vibaki kama pambo, watalii wanapenda kuupiga picha, lakini kinachoamua ni kishikwambi. Mafundi wapya wakaacha kutundika. Wa zamani wakaendelea, mkono ulishazoea. Lomayani, fundi wetu wa breki, Mwarusha wa Ngaramtoni, huyo asingeweza kushika chombo bila kutundika namba saba yake hata ungemfunga kamba. Upande wa ofisi, kila ilipofika saa kumi Neema alikuwa akifunga kazi zote za siku kwa kubonyeza mara moja, kwa sababu ripoti lazima iwe ya kijani kabla ya saa kumi na moja. Nilisema. Niliandika barua. Niliambiwa nina hofu ya teknolojia.

Siku ninayotaka muikumbuke ni ile ya gari la zahanati. Ni zahanati ya kanisa huko juu, mlimani zaidi ya kwetu, ina gari moja tu la kubebea wagonjwa, na dereva wake ni Elisante, mtoto wa kaka yangu. Pedali ya breki ilikuwa inacheza. Lomayani akalala chali chini ya dashibodi, akaikaza, Elisante akaondoka na gari. Ilikuwa siku ya soko Ngaramtoni, Lomayani naye akaomba ruhusa akaenda kuangalia mbuzi. Kama nusu saa baadaye nikapita mbele ya ubao, na namba saba ilikuwa inaning'inia. Ilikuwa mahali pa ekstensheni, kile chuma cha mviringo, urefu wa shubiri na nusu, cha kurefushia spana ya boksi.

Nilikwenda kwa Neema. Akafungua kishikwambi. "Mama, imerudi. Ona, kijani."

"Nani kairudisha?"

"Imefungwa saa kumi."

"Nimekuuliza nani."

Aliyeifunga ni yeye. Nikampigia Lomayani, sokoni mbuzi wanalia mpaka nashindwa kumsikia. Yeye huniita yeyo, mama kwa lugha yao. "Yeyo, mfukoni hakipo. Hata kwenye begi hakipo. Nilikuwa nimelala pale chini nakaza, dada akaniita nikasaini haraka ripoti inafungwa. Nikakiweka mahali. Niliporudi dereva alishawasha gari."

"Umekiweka wapi?"

"Sikumbuki, yeyo. Labda dirishani pale kwenye benchi. Labda ndani."

Benchi nilishaliangalia, halikuwa na kitu. Ile njia ya zahanati naijua kwa miguu yangu. Kupanda, kitu cha mviringo kinabiringika kwenda nyuma, hakina neno. Kushuka kinarudi mbele, kwenye pedali, na pale kuna kona tatu na korongo upande wa kushoto. Nikampigia Elisante. Hakupokea. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwapisha asipokee simu akiendesha. Nikampigia muuguzi wa zahanati, mama ninayemfahamu kwa sababu ya kuagiza vipuri.

"Gari limefika sasa hivi," akasema. "Tunapakia mzazi, ana uchungu tangu alfajiri na mtoto amekaa vibaya. Tunamkimbiza hospitali."

"Usiruhusu litoke."

"Unasemaje?"

"Kuna chuma kimesahauliwa ndani, hakijulikani kiko wapi. Mpe simu Elisante."

Elisante akaja juu. "Shangazi, gari limetoka kwenu leo hii! Nimeshika breki njia nzima, nzuri kabisa."

"Ulikuwa unapanda. Angalia miguuni."

Nikasikia mlango, nikasikia anahema. "Hakuna kitu."

"Chini ya zulia."

"Hakuna, shangazi."

"Chini ya kiti."

"Hakuna! Tunaondoka."

Muuguzi akachukua simu. "Mama, huyu mgonjwa hana dakika za kuchezea. Tunamshikilia kwa ajili ya nini hasa?"

Nikamwambia kuna kibati kinaning'inia ubaoni. "Kibati?" akasema. Kwa nyuma yule mzazi alikuwa analia, na sauti za akina mama wa Kimeru wanapolia nazijua, huyo alikuwa jirani yangu wa mlima mmoja hata kama sijui uso wake. Kama chuma kile kilikuwa kimeanguka mtaroni Kimandolu, na mtu amenifia mikononi nikiwa kwenye simu, ningerudi vipi Nkoaranga? Ningekaa wapi kanisani? Bwana Godlisten alikuwa amesimama pembeni ameshika kishikwambi, ananiambia kwa sauti ya chini, "Mama, waache waende, mfumo unaonyesha kimerudi." Nikamfunika mdomo kwa mkono wangu. Meneja wangu. Nikamwambia muuguzi, "Chuma hakiko ubaoni, kwa hiyo kiko mahali. Toeni kila kitu ndani ya gari. Kila kitu."

Wakamshusha mama wa watu. Nilisikia akishushwa. Wakatoa jeki, gurudumu la akiba, machela, gunia la unga ambalo Elisante alikuwa amempakilia mtu bila ruhusa, na hilo tutalizungumza siku nyingine.

"Shangazi," Elisante akasema. Sauti ilikuwa imebadilika. "Kipo. Kilikuwa nyuma ya kiti, kimezuiwa na gunia."

"Kishike mkononi."

"Subiri." Nikasikia mlango tena. "Nimekiweka chini ya pedali nione. Nimekanyaga. Haishuki, shangazi. Haishuki kabisa."

"Kitoe, mpakieni mama, nendeni."

Walifika. Mtoto alipatikana, na mama mzima. Elisante aliniambia jina alilopewa yule mtoto, na sitaliandika hapa kwa sababu mtanicheka. Mimi nilikaa sakafuni stoo nikalia kwa hasira. Bwana Godlisten akaja, akanisimamia, akaniambia tena, kwa mshangao wa kweli, kwamba mfumo ulikuwa umeonyesha kimerudi. Nilimpa za uso kwa Kimeru. Yeye ni Mmachame, nadhani alielewa nusu, na nusu ilimtosha.

Mnajua alichofanya? Aliitisha warsha. Siku mbili, hotelini, kuhusu usalama wa vyombo vya kazi, na chupa za maji. Mtoa mada hakuwahi kuona kibati maishani mwake. Niliulizwa kama nina la kuchangia, nikasema nina magari matatu yananisubiri.

Lakini kabla ya hiyo warsha, asubuhi iliyofuata siku ya gari la zahanati, Neema alikuja stoo kabla ya saa moja, macho yamevimba. Nilikuwa nimepanga maneno makali ya kumwambia. Akasema, "Mama, nionyeshe unavyosoma huo ubao." Nikamtupia ovaroli. Elisante naye alikuwa ameleta kile chuma, nikakataa kukipokea mkononi mwake, nikamngoja Lomayani akitundike mwenyewe na kuchukua namba saba yake, Neema akiangalia. Tangu siku hiyo, kila saa kumi Neema anatoka kwenye kioo chake, anakuja mbele ya ubao, ndipo anabonyeza. Kibati kikiwepo habonyezi, ripoti inakuwa nyekundu, na Bwana Godlisten anashusha pumzi. Sikumsifu hata mara moja. Nilimgombeza kwa kuchelewa kurudisha ovaroli.

Nilikuwa nikijiuliza tu, mimi nikiondoka itakuwaje. Nilijua jibu, au nilidhani nalijua. Kopo la biskuti lilikuwa bado liko juu ya kabati.

Siku yangu ya mwisho walinipa saa ya ukutani, kitenge, na kile kibao, kwa kuwa geti linawekewa jina jipya la kampuni lenye taa. Lomayani alipanda ngazi akakifungua, tukakifunga kwenye kitenge kisichubuke. Nilikuwa nimevaa gauni jipya. Kaka yangu, baba yake Elisante, alikuja kunichukua na gari la kukodi limejaa mashangazi, na Nkoaranga mbuzi alikuwa ameshaiva na wageni wamekaa. Hotuba zilikuwa ndefu. Nikapanda, nikapunga mkono, na geti halikufunguliwa.

Kaka akapiga honi. Mlinzi akatazama pembeni. Neema alikuwa amesimama mbele ya geti na viatu vyake vya kisigino.

"Kuna kibati ubaoni, namba saba, mahali pa bisibisi," akasema.

"Shida nini?" kaka akauliza. "Huyu ni mama yenu, anastaafu!"

"Shikamoo, baba. Samahani sana. Gari halitoki."

Nikashuka, nimevimba kwa hasira. Nilimwambia watu wana njaa, na kwamba Lomayani ataitafuta kesho, ni bisibisi tu. Niliyasema hayo mimi, kwa mdomo wangu. Neema hakusogea.

"Chuma hakiko ubaoni, kiko mahali, mama," akasema. "Niambie mahali, nitafungua."

Tulikifungua kitenge palepale chini, mashangazi wote wameshuka wanalalamika. Bisibisi ilikuwa imelala juu ya kibao, tuliifunga pamoja nacho. Lomayani akaichukua bila kunitazama, akaenda nayo stoo polepole, akaitundika, akarudi na namba saba yake kiganjani akamwonyesha Neema. Ndipo geti likafunguliwa.

Mbuzi tulimkuta amepoa. Njia nzima watu walilaumu, na mimi nililaumu kuwashinda wote, nimegeukia dirishani, ili kaka asiuone uso wangu.